Kansa Iliyoonekana Bila Kutafutwa: Kupasuliwa Tena Lini?

Huenda ulipasuliwa kwa sababu ya mawe katika kifuko cha nyongo. Kidonda kimepona, umerudi nyumbani. Kisha unaitwa: kifuko kiliangaliwa kwa hadubini, na ndani yake kumeonekana kansa. Hakuna aliyeitafuta. Si jambo la kila siku; katika watu 100 waliotolewa kifuko, hupatikana kwa mmoja hivi, au chini yake.

Kwanza uliza ugonjwa umeingia kiasi gani. Kama uko katika tabaka la ndani tu, haujafika kwenye msuli, na kifuko kilitolewa kizima, mara nyingi kazi imekwisha. Kama umefika kwenye msuli au kuupita, yafaa kupasuliwa tena, ili kipande cha ini kilichogusana na kifuko kitolewe, pamoja na tezi zilizo karibu.

Basi lini? Jamaa watasema, "Kesho!" Naona wanakosea. Mwaka 2017 wanganga wa Marekani walitoa habari za wagonjwa 207 waliopasuliwa tena katika hospitali 10. Waliopasuliwa kati ya juma la 4 na la 8, mgonjwa wa katikati aliishi miezi 40 hivi. Waliowahi kabla ya hapo, miezi 17. Waliochelewa, miezi 22. Kweli, waliowahi walikuwa 25 tu, na hesabu ya namna hii si sheria ya kumfunga munganga. Lakini sababu yake naielewa. Majuma ya kwanza ndani bado kumevimba, ni vigumu kutofautisha kovu na ugonjwa. Tena kansa iliyokwisha kutawanyika huenda haijajionyesha, na mtu hukatwa ini bure. Ukipita miezi miwili, ugonjwa nao haukungoji.

Majuma hayo ni ya kupigwa picha za tumbo na kifua, kula vizuri, kukusanya feza ya safari, na kutafuta mpasuaji aliyezoea kazi ya ini.

Linalonihuzunisha zaidi ni kifuko kutupwa ndooni bila kuangaliwa, au karatasi ya jibu kulala mezani miezi mitatu. Kabla hujatoka hospitali, uliza: "Kifuko changu kimepelekwa wapi, na jibu litarudi siku gani?" Na tarehe ya kupasuliwa iandikwe kwenye kadi yako, maana majuma huhesabiwa kutoka siku ile.