Do Iko Wapi? Lugha ya Mwongozaji katika Bendi za Shule

Mijadala kuhusu istilahi za Kiswahili imezoea kuelekezwa kwenye sayansi, sheria na utawala. Muziki hutajwa kwa nadra, na hata unapotajwa huwa ni kwa ajili ya mashairi yake, si kwa ajili ya ufundi wake. Matokeo yake ni kwamba mwalimu wa bendi ya shule, ambaye kazi yake ni kutoa maagizo mafupi yanayopaswa kueleweka papo hapo na watoto thelathini au arobaini kwa pamoja, hana lugha anayoweza kuitegemea. Akitumia Kiingereza hupoteza nusu ya wanafunzi wake, na akitumia Kiswahili kama kinavyotumika sasa hupoteza nusu nyingine. Si kwamba maneno hayapo. Yapo, ila machache miongoni mwao yamebebeshwa kazi nyingi mno.

Bendi inayozungumziwa hapa ni ile ya ukumbini, ambamo wanafunzi huketi nusu duara mbele ya mwongozaji wakiwa na filimbi, klarineti, saksafoni, tarumbeta, honi (si ile ya gari), tromboni, tuba na ngoma. Bendi ya gwaride inaweza kusukumwa na amri na mazoea. Bendi ya ukumbini haiendi bila kusikilizana, na kusikilizana hufundishwa kwa maneno.

Neno *sauti* ni mfano ulio wazi. Kwa mwanakwaya, sauti ya pili ni kundi la waimbaji. Kwa msikilizaji wa redio, sauti ni kitu cha kuongezwa au kupunguzwa. Kwa mwanaisimu ni kipashio cha lugha. Mwongozaji anapomwambia mpiga klarineti ‘shusha sauti’, mtoto ana njia mbili za kutii: apige kwa ulaini zaidi, au ateremke hadi nota ya chini. Ipo pia njia ya tatu, nayo ni kuvuta kidogo maungio ya ala ili urefu wake uongezeke na nota ishuke kwa kiasi kisichofikia nota nyingine. Huenda hilo la tatu ndilo alilokusudia mwalimu, kwani katika joto la alasiri la Dar es Salaam au Mombasa hewa iliyomo ndani ya ala hupata moto, na ala za kupuliza hupanda juu ya kiwango zilichowekewa asubuhi. Mwanafunzi aliyefanya lisilokusudiwa hukemewa kwa utovu wa makini, ilhali kosa ni la agizo. Ingefaa *nguvu* iongezwe na kupunguzwa, nota ipandishwe na kushushwa, na ala ikazwe na kulegezwa, kama wapigaji wa udi na gambusi wanavyokaza na kulegeza nyuzi zao. Hakuna neno hata moja kati ya hayo linalohitaji kubuniwa.

Neno *ufunguo* lina matatizo makubwa zaidi. Alama iandikwayo mwanzoni mwa mistari mitano huitwa ufunguo: upo ufunguo wa G, unaosomwa na wapiga tarumbeta na klarineti, na upo ufunguo wa F, unaosomwa na wapiga tromboni na tuba. Hata hivyo, neno hilohilo hutumika kutaja mahali wimbo ulipokaa, ikasemwa kuwa wimbo fulani uko katika ufunguo wa F. Mpiga tuba anayeambiwa ‘angalia ufunguo wa F’ hajui kama aangalie alama iliyo mbele yake, ambayo haibadiliki, au ajiandae kwa ngazi mpya ya nota.

Utatuzi wa hili umekuwamo makanisani na mashuleni kwa miaka mingi, nao ni *do*. Mwalimu wa kwaya hasemi sana habari za funguo. Husema do iko wapi, akaitoa, na waimbaji wakajipanga kwayo. Ufunguo ukiachiwa alama peke yake, na ngazi ikaitwa ‘do ya F’ au ‘do ya G’, mkanganyiko wote unaondoka. Jambo ambalo halijatiliwa maanani ni kwamba msamiati huu wa kwaya unaifaa bendi kuliko unavyoifaa hata kwaya yenyewe.

Sababu yake imo katika maumbile ya ala. Tarumbeta na klarineti zilizo nyingi mashuleni ni za B-flati: mpigaji akisoma C, inayosikika ni B-flati. Saksafoni ya alto ni ya E-flati, na honi ni ya F. Filimbi na tromboni hutoa kile kile kilichoandikwa. Mwongozaji akiwaambia wote ‘pigeni C’, atapata nota nne tofauti kwa mpigo mmoja, na kelele yake haisahauliki. Ili wote watoe B-flati, mpiga filimbi ni lazima asome B-flati, mpiga tarumbeta C, mpiga saksafoni ya alto G, na mpiga honi F. Walimu wengi huipita shida hii kwa kumkaririsha kila mtoto vidole vyake. Mtoto hukariri kweli, akaupiga wimbo wa taifa bila kosa, na siku akiletewa wimbo mwingine hana pa kuanzia. Lakini mwongozaji akisema ‘do ni ya B-flati, pigeni do’, kila mmoja huitafuta do ya ala yake na wote hukutana mahali pamoja. Do inayohama, ambayo wapinzani wa sol-fa huiona kuwa ni udhaifu wake, ndiyo hasa inayoziunganisha ala zisizosoma nota moja.

Faida haiishii kwenye kuanza pamoja. Bendi inapoanza mazoezi kwa kuoanisha do, mi na so, mi hukaa vizuri ikiwa chini kidogo ya pale inapokaa kwenye kinanda. Mpiga tarumbeta aliyeambiwa ‘wewe una E’ hawezi kulijua hilo. Aliyeambiwa ‘wewe ni mi’ anajua yuko wapi kati ya wenzake, na sikio lake linajua la kutafuta. Hapo lugha si chombo cha kueleza muziki tu, bali ni sehemu ya kuupiga.

Pingamizi la kawaida ni kwamba sol-fa humlemaza mwanafunzi asiweze kusoma mistari mitano. Pingamizi hili lina uzito wake. Muziki wenye kuhamahama ngazi huandikika kwa shida katika sol-fa, na nukta na vistari vyake vya kupima mapigo huchosha macho. John Curwen, mchungaji wa Kiingereza aliyeueneza mfumo huu kuanzia miaka ya 1840 kutokana na kazi ya Sarah Glover, aliukusudia mwanzoni uwe daraja la kufikia mistari mitano. Ni mwaka 1872 tu ndipo alipouondoa usomaji wa mistari katika kozi yake kuu. Wamisionari walipoufikisha Afrika, daraja liligeuka nyumba ya kuishi. Kosa basi si la sol-fa, bali la kuishia njiani. Mtoto na aimbe kwanza kwa do, kisha aione do hiyo juu ya mstari, kisha aitafute kwa vidole. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule na kiongozi wa kwaya huko Afrika Kusini, aliuandika kwa sol-fa wimbo wake wa mwaka 1897 ambao lahani yake imekuwa ya wimbo wa taifa wa Tanzania. Ni ajabu kidogo kwamba bendi za shule huupiga wimbo huo kila mara huku zikiambiwa kuwa sol-fa ni ya kanisani.

Ishara za mikono ambazo Curwen alizieneza nazo zingemsaidia mwongozaji kupunguza maneno. Ngumi ni do, kiganja kilicholala ni mi. Mkono wa kulia ukishika mapigo, wa kushoto unaweza kuonyesha nota badala ya kuning’inia au, kama inavyoonekana mara nyingi, kuurudia ule wa kulia mithili ya kivuli. Mwongozaji anayehesabu kwa sauti kubwa hadi mwisho wa wimbo amewaziba masikio anaowafundisha kusikiliza.

Wapo watakaosema kwamba bendi yenyewe ni ya kigeni, hivyo na lugha yake ibaki ya kigeni. Historia haikubaliani nao. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu beni, ameonyesha jinsi watu wa pwani ya Kenya tangu miaka ya 1890 walivyoichukua bendi ya kijeshi ya Kizungu wakaifanya ngoma ya mashindano, na jinsi ilivyotapakaa bara baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Wanabeni walikopa sare na vyeo bila haya yoyote, na jina la ngoma yao ni ‘bendi’ lililotiwa ulimi wa Kiswahili. Leo matarumbeta ya harusini jijini Dar es Salaam hupigwa juu ya gari linalokwenda, na wapigaji wengi wamejifunza kwa sikio. Mtoto anayeingia darasa la bendi ameshayasikia hayo mtaani kwake. Hahitaji kufundishwa kwamba tarumbeta ni yake.

Kazi iliyobaki ni ya wanaistilahi, na haipaswi kufanyiwa mezani. Maneno ya bendi yakusanywe kwa walimu wa kwaya, kwa wapiga udi na kwa wapiga matarumbeta, kisha yajaribiwe katika mazoezi ya bendi mbili au tatu za shule kabla ya kusanifiwa. Agizo ambalo watoto arobaini wamelitii kwa namna moja, bila kutazamana, litakuwa limeshapasi mtihani mgumu kuliko wa kamati yoyote.