Mwezi Gisabo Hakuwa Mwoga

Muhula uliopita, hapa Gitega, mwanafunzi mwenzangu alisimama mbele ya darasa akasema kwamba Mwami Mwezi Gisabo aliuza nchi kwa ng'ombe 424. Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka, na leo namjibu.

Kwanza, muuzaji hupokea. Ng'ombe wale 424 Mwezi aliwatoa, hakuwapokea. Ilikuwa faini. Mwaka 1903 Kapteni von Beringe alimwandama akiwa na askari wenye bunduki, naye Mwami alikuwa na watu wa mikuki na pinde. Kwa miaka kadhaa alikuwa amewakwepa Wajerumani. Mwishowe, tarehe 6 Juni, akakubali masharti yao kule Kiganda: alipe faini, autambue utawala wao, na awaachie Maconco na Kilima sehemu walizojitwalia.

Wanaomcheka Mwezi ndio hao hao wanaomsifu Fabius tukisoma historia ya Roma. Mwaka 217 K.K., baada ya Hannibal kuliangamiza jeshi la Roma kando ya ziwa Trasimene, Fabius alikataa kupigana naye uwandani. Alishika vilima, akamfuata kwa mbali, akaacha mashamba ya bondeni yachomwe. Warumi wakamwita Mkawishaji, kwa dharau. Mwaka uliofuata viongozi wengine wakampa Hannibal pigano alilolitaka, huko Cannae, na Warumi makumi ya maelfu wakafa kwa siku moja. Baada ya hapo jina la dharau likageuka jina la heshima. Kwa nini kuacha bonde kuwe hekima kwa Mrumi na woga kwa Mrundi?

Mtaniambia: Fabius hakutia mkono mkataba. Kweli. Lakini Fabius alikuwa na Roma nyuma yake. Mwezi alikuwa na nani? Maconco, mkwe wake mwenyewe, alikuwa upande wa Wajerumani. Kwetu kaskazini mashariki, ninakotoka Muyinga, wakuu wa ukoo wa Batare hawakuitii amri yake. Angeshika kilima kipi, na kwa jeshi la nani?

Mtanitajia pia Mkwawa. Namheshimu. Lakini ngome yake ya Kalenga ilipoanguka mwaka 1894, hakubaki ndani afe nayo. Aliiacha, akapigana porini hadi 1898. Hata shujaa wenu alijua kwamba ukuta si nchi.

Tazameni basi kilichofuata. Gavana von Götzen mwenyewe aliona kwamba Beringe ameivuruga nchi kwa kumdhoofisha Mwami. Mwaka 1905 Wajerumani wakamtambua Mwezi kuwa Mwami wa Burundi yote. Maconco akauawa, Kilima akapelekwa uhamishoni. Mwezi alikufa mwaka 1908 akiwa bado Mwami, na ufalme wake haukukatwa vipande.

Sisemi kwamba hakukuwa na gharama. Bunduki zilizomtisha Kiganda ndizo zilizotumika baadaye kuwatiisha wapinzani wake, Warundi wenzake. Mtu wa Muyinga hawezi kulisahau hilo. Anayetaka kumlaumu Mwezi aanzie hapo: nani alilipa, na kilichookolewa kilikuwa cha nani. Hiyo ni hoja. Kicheko si hoja.

Kwangu jambo hili si la darasani tu. Mwaka 1993 mama yangu alifunga mlango wa nyumba yake Muyinga, akavuka mpaka wa Kobero kuingia Tanzania akiwa na mtoto mgongoni. Hakuwa askari na hakuwa na kituo cha kulinda, ila alikuwa na nyumba, na aliiacha. Aliporudi, wapo waliomwita mkimbizi kwa sauti ile ile niliyoisikia darasani. Wahenga walisema: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mimi ni mtoto wa kicheko hicho.

Wenzangu, na nyinyi walimu wetu, kilomita chache kutoka hapa ipo Gishora, na ngoma za Mwezi Gisabo bado zinalia pale. Kabla hatujamcheka tena, twende tukazisikilize. Kisha mtu asimame atuambie: angeng'ang'ania Kiganda mpaka mtu wa mwisho, nani angebaki wa kuzipiga?