Mlipeni anayepima sukari mtaani

Mhudumu wa afya ya jamii anayemtembelea mama yangu hapa Kisauni akifika, kwanza humvua viatu. Huchunguza baina ya vidole, kisha nyayo, polepole, kwani mwenye kisukari aweza kuchomwa na msumari asihisi kitu, kidonda kikaja kumkatisha mguu. Ni yeye aliyegundua lengelenge chini ya kisigino, likatibiwa zahanatini mapema. Baada ya hapo ndipo hutoa mashine ya presha na kipima sukari.

Serikali ilipozindua wahudumu hawa wapatao 100,000 Septemba 2023, malipo yalipangwa kuwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu, nusu kutoka kaunti. Ni kidogo mno. Zikichelewa ni dhuluma, maana nauli na vocha ya simu hutoka mfukoni mwa mhudumu. Na stripu za kupimia zikiisha, kile kipima sukari hakina kazi.

Nyuma yake wapo wengine wasiohesabiwa popote. Jirani yetu, mama wa watoto wanne, ndiye humdunga mama insulini nikiwa kazini, na dawa yenyewe hukaa kwenye friji yake kwa kuwa sisi hatuna. Alifunzwa na nani? Na mimi tu, barazani.

Kaunti iwaite majirani kama huyu zahanatini, muuguzi awaelekeze kudunga sindano na kutambua sukari iliyoshuka: jasho, kutetemeka, maneno yasiyoeleweka. Bajeti ijayo itenge fedha za stripu na za posho, zilipwe kila mwisho wa mwezi.