Pendekezo la utafiti lisipite bila kusomwa

Vyuo vikuu vya Kenya visimruhusu mwanafunzi wa uzamili wa usimamizi kwenda kukusanya data kabla pendekezo lake la utafiti halijasomwa na kuhojiwa mstari kwa mstari.

Tasnifu huharibika mapema, kwenye swali lenyewe. Mada zimekuwa sare: athari za jambo fulani kwa utendaji wa shirika fulani. Dodoso la ngazi tano, kuanzia "nakubali kabisa" hadi "sikubali kabisa", hugawiwa wafanyakazi, kisha maoni yao huandikwa kana kwamba ndiyo faida na hasara yenyewe. Vitabu vya hesabu havikufunguliwa, wala meneja hakuulizwa kwa nini aliamua alivyoamua. Data ikishakusanywa kwa swali bovu, hakuna uchambuzi utakaoiokoa.

Shaka kuhusu namna utafiti unavyosimamiwa haiko kwenye uzamili pekee: mwaka 2019 chuo kikuu kimoja cha umma kilitoa shahada 118 za uzamivu katika mahafali moja, hata Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ikaingilia kati kuchunguza. Bado hatujajifunza. Msimamizi aliyelemewa na wanafunzi huisoma sura ya kwanza wiki ya kuwasilisha, na mwanafunzi aliyeachwa peke yake huwa windo rahisi la waandishi wa kulipwa.

Wenye dhamana wapunguze idadi ya wanafunzi kwa kila msimamizi, wadai kumbukumbu za vikao zilizotiwa saini na pande zote mbili, na wakatae pendekezo lolote lisilo na swali la kweli. Waanze muhula huu.