Jedwali Lisilo na Pengo

Wako wenzetu wanaofurahia jedwali lililojaa: sampuli hamsini za damu, protini elfu mbili, wala hakuna kisanduku kitupu. Mimi nikiletewa jedwali la namna hiyo huuliza: nani kalijaza?

Maana si spektromita. Kila inapopima sampuli, hutambua baadhi tu ya vipande vya protini. Kilichotambuliwa leo kesho hupitwa. Kama sampuli hazikuwekewa alama za kikemia, programu kama MaxQuant, iliyotolewa na Cox na Mann mwaka 2008, hurekebisha kwanza tofauti za muda kati ya vipimo, kisha hutafuta katika sampuli ya pili doa lenye uzito uleule lililotokea karibu wakati uleule, na kulipa jina la lile la kwanza. Ni hesabu nzuri, siichukii. Ninachokataa ni kuita kisio kipimo.

Sisi wa Gatete tumekua tukiona ndagala wakichambuliwa ufukweni. Mukeke wachanga hujichanganya humo: urefu uleule, wavu uleule, usiku uleule. Anayetazama urefu tu atawauza wote kwa jina moja. Mama anayejua kazi hutazama pezi la mgongoni.

Mwaka 2019 Lim, Paulo na Gygi waliiweka programu hiyo mtegoni. Walipima sampuli za protini za binadamu peke yake, na nyingine zilizochanganywa na za hamira, hamira hii hii ya maandazi. Majina ya protini za hamira yakahamishiwa kwenye sampuli ambazo hamira haikuwahi kutiwa!

Nitajibiwa kwamba mapengo hudhoofisha takwimu. Kweli. Lakini pengo jingine ndiyo habari yenyewe: protini haimo katika damu ya mgonjwa huyu. Ukilijaza, umefuta ulichokuwa ukikitafuta.

Wengine husema mambo hayo tuwaachie wenye mashine. Hapana! Wengi wetu tunapokea namba zilizokwisha kupikwa, basi sisi ndio wa kuuliza zaidi. Tangu 2021 IonQuant imeonyesha kuwa kiwango cha makosa ya kuhamisha majina kinaweza kukadiriwa na kudhibitiwa. Basi kiandikwe, na kila thamani iliyohamishwa itiwe alama yake. Tasnifu isiyo na hayo irudishwe kwa mwenyewe, hata ikiwa yangu.