Hakuna Taifa Lililozaliwa Ovu



Juma hili tunataka kutafakari juu ya mchezo. Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa Marekani mwaka 1974, huchezwa mezani kwa kete na masimulizi. Katika ulimwengu wake wa kubuni wamo Waelfi, watu wenye masikio yaliyochongoka waishio mamia ya miaka. Nao wamegawanywa: Waelfi wa Jua, wa Mwezi, wa Msituni, na Wadrow waishio chini ya ardhi.

Hapo ndipo ulipo ugomvi wetu. Wadrow walipoletwa mezani mwaka 1978, ngozi yao ilikuwa nyeusi na taifa lao likaandikwa kuwa ovu. Baadaye ikasimuliwa kwamba weusi huo ni laana: mababu walikosa, wajukuu wakatiwa alama. Hadithi hiyo si ngeni kwetu. Kwa karne nyingi watetezi wa utumwa walidai kuwa Mwafrika amebeba laana ya Hamu. Fungueni Mwanzo, sura ya 9: aliyelaaniwa ni Kanaani, na rangi ya ngozi haikutajwa kabisa.

Wako wasemao, “Ni mchezo tu.” Naam, ni mchezo; lakini mtoto hufundishwa na mchezo kabla ya kufundishwa na kitabu. Wengine hutuonyesha Drizzt, Mdrow mwema aliyebuniwa na R. A. Salvatore mwaka 1988. Je, hiyo ni haki? Ni ile sifa chungu tuijuayo: “Wewe si kama wenzako.”

Wengine tena hudai kuwa pasipo adui hakuna hadithi. Adui na awepo, ila uovu wake uwe ameuchagua mwenyewe. J. R. R. Tolkien, Mkatoliki ambaye vitabu vyake ni chemchemi mojawapo ya mchezo huu, aliwatenga Waelfi wake kwa kigezo cha walioiona nuru ya Miti Miwili na wasioiona, si kwa ngozi. Hata juu ya Waorki wake hakutulia moyoni, kwa kuwa aliona vigumu kukubali kiumbe kisichoweza kamwe kukombolewa.

Wachapishaji, Wizards of the Coast, walikiri kosa mwaka 2020, wakaahidi kuwaonyesha Wadrow na Waorki kuwa watu wenye hulka mbalimbali kama wengine. Kitabu cha wachezaji cha mwaka 2024 hakisemi tena “mbari” bali “spishi”. Twawapongeza, lakini kubadili jina peke yake hakutoshi, kwani hukumu hutolewa mezani, na wachezaji wenyewe.

Kwa hiyo, enyi wazazi, msiwanyang'anye watoto kete. Ketini nao, mwulize: “Huyu unayemuua ametenda nini?” Akijibu kwamba amezaliwa hivyo, hapo ndipo malezi yetu yanapoanzia.