Zebaki Ina Makosa Yake, Hili Silo

Mwandishi wa makala ya wiki iliyopita ameshatoa hukumu: mtoto wa Geita akitibiwa histiositosisi ya seli za Langerhans, ule ugonjwa adimu wa seli za kinga zitokazo kwenye uboho, kisha akatokwa na vidoa vyeusi, mkosaji ni zebaki ya wachenjuaji wa dhahabu.

Siitetei zebaki. Ile inayochomwa uani, watoto wakicheza pembeni, hudhuru ubongo na figo; kwenye ngozi huweza kuleta viganja vyekundu vinavyobambuka. Vidoa vinavyozuka kwa mkupuo, hata nyayoni, ni habari nyingine. Madaktari wameviona kwa watoto waliotibiwa ugonjwa huu, na hata saratani ya damu, mbali kabisa na machimbo. Zinazoshukiwa zaidi ni dawa zinazoshusha kinga.

Mzazi wa Kahama akiiamini makala ile atahama kitongoji na kuacha kliniki ya Bugando. Au atamwendea mganga, na wembe wa chale hauchelewi.

Vidoa vingi havina madhara, ila vikaguliwe. Kidoa kikikua haraka, kikibadilika rangi au kutoa damu, usingoje tarehe ya kliniki: mpeleke mtoto hospitali.